Muziki wa Walio Hai

Kolwezi ilikuwa na wapiga piano watatu. Wawili walikuwa Wazungu. Wa tatu alikuwa Kanku, binti wa mchimba shaba aliyetoka Kasai, na ndiye peke yake aliyewakimbiza watu ukumbini.

Si kwamba alipiga vibaya. Masista walimfundisha harmoniamu miguu yake ikiwa bado haifiki chini, Lubumbashi wakamfundisha piano, Brussels wakampa diploma. Lakini alirudi na nadhiri aliyoiweka mbele za Mungu: katika kila tamasha atapiga kipande cha mtunzi aliye hai, kwa maana Bwana hajaacha kuwapa watu nyimbo. Watunzi wa siku hizi walipenda sauti zinazogongana na mapigo yanayokatika, na kipande chao kilipoanza tu, viti vililia na watu wakaelekea kwenye bia. Mtaani walimwita Mama Makelele.

Serikali ilipofuta majina ya ubatizo ya Kizungu, alicheka. "Mi bameninyanganya jina yangu Valérie," alimwambia dada yake, "lakini batunzi benye kufa ba Ulaya bote bamebakia na majina yao ya batizo!"

Mwaka 1974, Tata Badibanga, yaani Baba Badibanga, msimamizi wa ukumbi wa wafanyakazi, alimwita Kanku ofisini.

"Mama Kanku, mi nakuheshimu. Lakini bantu banatoka. Siku ya posho bakitoka tena, basi. Kuanzia pale utapiga ya benye kufa, ao ya kudansi."

"Benye kufa bako na bantu mingi ya kubapigia, Tata. Hawa benye kuishi bako na nani?"

"Bako na weye. Na weye uko na posho moja." Siku ya posho kwao ni Jumamosi, siku ya kugawiwa chakula; alimaanisha Jumamosi iliyokuwa inakuja.

Kipande cha Jumamosi hiyo kilitungwa na Mukalay, mwalimu wa shule huko Mutshatsha, Mluba wa kaskazini ya Katanga. Hakuna aliyewahi kukipiga mbele ya watu. Alikijenga juu ya kyondo, ngoma ya gogo ambayo kijijini kwao ilitangaza habari kwa kuiga sauti za maneno, za juu na za chini. Mukalay alichukua tangazo moja akalitia kwenye piano: noti mbili jirani zikigombana kama wake wenza, na katikati ukimya mrefu.

"Hapa nafanya nini?" Kanku alimwuliza kwenye mazoezi.

"Unangoja."

"Nangoja nini?"

"Ngoja tu, mama. Kama bantu habajue, hata nikikuambia haitasaidia."

Jibu hilo halikumpendeza. Kwa uzoefu wake, ukimya katikati ya kipande ni mlango wa kutokea.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Vipande vya zamani vilipigiwa makofi ya adabu. Kisha Kanku akafanya ishara ya msalaba, ndogo, kama mtu anayefukuza inzi, akaanza kipande cha Mukalay.

Kiti kikalia. Cha pili. Mtu akasema kwa sauti, "Muite fundi, piano imeharibika!" Watu wakacheka. Masikio ya Kanku yakawaka moto, lakini vidole havikusimama. Akafika kwenye ukimya. Akainua mikono, akangoja. Bwana, usiniaibishe. Mlangoni Tata Badibanga alikuwa tayari anatikisa kichwa.

"Mutoto wa nani?"

Aliyeuliza alikuwa Tata Kyungu, Mluba wa kaskazini kama Mukalay, karani katika abakosti, suti isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri, mtu ambaye hata kanisani haimbi kwa sauti. Mke wake akamvuta mkono.

"Tata! Umelewa?"

"Kulewa gani? Piano imesema mutoto amezaliwa. Bakikuambia vile, unauliza: wa nani? Ndiyo adabu! Unaona ule mama anatungoja."

"Ni kweli," sauti nyingine ikatoka upande wa dirisha. "Ni kyondo ile! Mutoto wa nani?"

Hapo Kanku akaelewa. Ukimya ule haukuwa wake. Mukalay aliwaachia watu. Mikono ikarudi kwenye piano, na noti zile mbili zikajibu.

"Wa sisi bote!" Kyungu aliwatafsiria majirani zake, amesimama kabisa. "Inasema wa sisi bote!"

Vigelegele vikapasuka. Waliokuwa nje wakaingia na chupa zao mkononi. Wakasai, ambao lugha yao ni ndugu ya ile ya kyondo, wakaanza kubishana kwamba kwao ngoma isingesema hivyo, na hakuna aliyetoka mpaka noti ya mwisho.

Tata Badibanga akaja mbele, jasho likimtoka.

"Mama, banasema urudie."

"Posho yangu imeisha, Tata."

"Mama, usinichezee. Rudia!"

Akarudia. Safari hii ukimya ulipofika, ukumbi mzima uliuliza kwa pamoja, hata vioo vikatetemeka, na katika safu ya tatu mwalimu Mukalay akafunika uso kwa mikono miwili.

Tangu hapo Kanku alipiga muziki wa walio hai kule Likasi, Lubumbashi, hata Dilolo mpakani. Lakini kabla ya safari hizo zote, Jumatatu iliyofuata, mlango wake uligongwa. Alikuwa Mianda, mwalimu wa kwaya, Mkasai, na karatasi za muziki kwapani.

"Mama, ile ya juzi ilikuwa muzuri. Lakini ya kwetu Kasai inajibu zaidi."

Kanku akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akafuta unga mikononi, akafungua piano.

"Leta tusikie."