Tundu la Baba Ukutani

Baba yetu alikuwa mwashi, na mtaani walimwita Fundi Mafuriko kwa kumdhihaki. Katika mji ambao watu hununua miavuli kwa ajili ya jua, kila ukuta aliojenga aliuachia tundu chini kabisa, kubwa kiasi cha kupita paka, ili maji yapate pa kutokea. Maji yapi, watu walimuuliza. Kama unamsubiri Nuhu, mwambie akija atubakizie ng'ombe. Baba alicheka nao na kuendelea kuacha matundu.

Ukuta wake wa mwisho ulikuwa wa kugawa ua wetu. Mdogo wangu, kitinda mimba, alikuwa ameoa na alitaka kwake pawe kwake. Mimi nikabaki upande wa juu na cherehani yangu, pamoja na mama. Ardhi yetu inateremka kuelekea kwa mdogo wangu, na kutoka kwake hadi barabara ya chini, kwa hiyo baba aliacha tundu pale ua unapoinama zaidi. Alipofariki, tundu likawa la mama. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Kila mchana nilimkalisha kwenye kigoda mbele ya tundu, apate upepo na kuwasikia wajukuu wakigombana upande wa pili, na nyuma yao mashine ya mdogo wangu ya kuchapa kadi za harusi ikigonga kutwa.

Siku moja mama akaniomba niuhamishie mtungi mkubwa pale kwenye tundu, na kigoda chake nikiweke mlangoni. Alisema upepo ule unamtia baridi mgongoni. Nikauviringisha mtungi kwa mikono yangu mwenyewe, nikaujaza maji.

Mvua ilianza watu wakiwa kwenye chakula cha mchana. Mwanzoni tulifurahi. Jirani yangu, muuza vitambaa, alisimama katikati ya barabara akainua uso, bidhaa zake zikilowa nje na yeye hana habari. Hatuijui mvua sisi. Mapaa yetu ni bapa, barabara hazina mitaro, na tulidhani itaondoka yenyewe kama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha barabara ya juu ikageuka mto, na mto ukaingia kwa mlango wangu wa mbele na ndala za watu na kuku mmoja aliye hai.

Sikuogopa. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa na tundu la baba. Nilisema hata kwa sauti, "Fundi Mafuriko, leo ndiyo siku yako." Nikausogeza mtungi, nikachomeka mpini wa ufagio tunduni nikidhani takataka zimeziba. Ukagonga kitu kigumu. Nikachokoa kwa mpini, nikachokoa kwa mwiko wa jikoni. Nikampigia mdogo wangu kelele, lakini yeye na wifi walikuwa wametoka kupeleka kadi. Maji yakanifika magotini.

"Achana na tundu, mwanangu," mama aliniita kutoka chumbani. "Njoo unibebe."

Nikamjibu avumilie kidogo tu, tundu likifunguka maji yatashuka. Hakusema neno. Nikaendelea kuchokoa. Aliponiita tena sauti yake ilikuwa nyembamba, na nilipoingia nilikuta godoro linaelea, naye ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, amelowa hadi shingoni.

Nilimpandisha mgongoni kwa ngazi ya nje hadi juu ya paa. Mvua ikatupiga pale juu mpaka ilipochoka. Baridi ikamwingia kifuani. Hospitali wodi zilikuwa zimejaa, wakamlaza kwenye benchi la korido, na alituacha kabla matope ya uani hayajakauka.

Nilipoyazoa matope hayo ndipo nilipoiona saruji. Ilishindiliwa kutoka upande wa pili, nadhifu, kazi ya mtu asiye na haraka. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Hawakutuambia kitu kuhusu tundu lililoachwa kwa makusudi.

Waombolezaji walipopungua nilikwenda kwa mdogo wangu. Alikuwa amekaa kando ya mashine yake, akibandua kadi zilizogandamana. Nikamuuliza tundu lilizibwa lini.

"Vumbi lilikuwa linaingia kwenye wino, dada," alisema bila kuniangalia. "Kadi zilitoka na madoadoa, wateja wakanirudishia."

"Ukaziba bila kuniambia."

Alibandua kadi nyingine. "Nilimwambia mama. Akasema, ziba, baba, ila dada yako asijue, maneno yatakuwa mengi. Akasema yeye atajua la kufanya."

Neno mwongo lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Kisha nikaukumbuka mtungi.

Tangu hapo silali vizuri. Mama alilala mle chumbani akisikia mpini wangu ukigonga saruji aliyoiruhusu yeye. Neno moja tu, limezibwa, na ningemnyanyua maji yakiwa chini ya kitanda. Hakulisema, mwanawe asije akagombezwa. Mdogo wangu naweza kumnunia, yupo, ana uso. Mama nimnunie vipi? Wanawake wa mtaani bado wanakuja, wanakaa mkekani na kunikumbusha kwamba marehemu hakuwa na siri, la moyoni mwake lilikuwa usoni. Naitikia kwamba ni kweli.

Juzi asubuhi, nikiwa kwenye cherehani uani, nilisikia patasi ikigonga ukutani. Mdogo wangu hakubisha hodi wala kuniita. Aligonga polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kipande cha saruji kikaangukia upande wangu, mwanga ukapenya, na upepo ule ule ukanigusa vifundo vya miguu. Nikaviona vidole vyake vikikusanya vifusi.

"Dada," alisema kutoka huko, "upepo unapita?"

"Unapita," nikamjibu.

Kisha nikainuka, nikauviringisha mtungi hadi mbele ya tundu, pale mama aliponiambia niuweke, wanawake wa mkekani wasije wakaiona saruji na kuuliza. Haukuwa na maji. Ulikuwa mwepesi kuliko siku ile.