Kinaanzia Kulia

Punje ya bisi ilidondoka kutoka mfuko wa shati la mumewe, ikabingirika juu ya meza ya kupigia pasi na kusimama karibu na mkono wake. Mama Pasi aliiokota, akainusa. Chumvi na siagi.

Mumewe hali bisi. Meno ya nyuma yanamsumbua, hata mkate mkavu huuchovya kwanza kwenye chai. Sasa bisi imeingiaje mfukoni?

Mtu mwingine angeitupa akaendelea na shughuli zake. Lakini huyu kazi yake ni udobi, na dobi hatii nguo majini kabla ya kupekua mifuko. Katika duka lile la mvuke na sabuni alikuwa amezijua nyumba za watu kupitia nguo zao: nani anafutia machozi kwenye mkono wa shati, nani ameanza ghafla kujipulizia manukato siku za kazi ya ziada, nani ananyoa ndevu kwa hasira. Alikuwa akiyajua hayo na kucheka peke yake. Leo shati lilikuwa la kwake, na kicheko hakikuja.

Tena bisi peke yake angeisamehe. Kilichomnyima raha ni maneno.

Mumewe alikuwa kinyozi. Watu walimbandika jina la Kimya, naye akaliitikia kwa kichwa. Wateja walimpenda kwa sababu yeye hakuwauliza habari za siasa wala mpira. Unakaa, unanyolewa, unaondoka na mawazo yako. Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Chakula kikimnogea anasogeza sahani aongezwe. Mkewe akiumwa, anaamka kabla yake na kuchemsha maji. Hata uchumba wao ulianza bila neno: aliichukua pasi yake iliyoungua waya, akairudisha kesho yake ikiwa nzima, akasimama mlangoni akitazama viatu vyake. Mama Pasi alielewa, kwa sababu mambo hayo alikuwa ameshayasoma.

Sasa mtu huyo huyo, juzi jioni, akiwa ameshika kikombe, alimtazama usoni akasema, "Hata mvua ikikatika, mimi nitabaki chini ya mwavuli wako."

Mama Pasi alipaliwa na chai. Mvua haikuwepo, na mle ndani hamna mwavuli. Alimuuliza kama ana homa. Kimya akatikisa kichwa, akaenda kuoga.

Neno mwavuli ndilo lililomchoma. Tangu usichana alikuwa na kitabu kimoja cha katuni za mapenzi, cha Kijapani, kilichofasiriwa, majalada yake yameshikiliwa na gundi ya karatasi. Alikiweka chini ya mashuka na kukisoma kila mwaka mvua zikianza. Kilisimulia habari za fundi wa miavuli asiyejua kusema, na msichana anayeuvunja mwavuli wake makusudi ili apate sababu ya kurudi dukani. Kimya hakuwahi kukisoma. Zamani, walipokuwa wageni katika ndoa, aliwahi kukiangalia na kuuliza kuna nini humo, naye akamjibu huku mikono yake iko kwenye beseni: mapenzi tu, ila kinaanzia kulia. Basi, yakaisha.

Na maneno yale ya juzi hayamo kitabuni. Lingekuwemo neno moja kati ya hayo, angelijua. Kwa hiyo yupo mwanamke mwingine mwenye kitabu kama chake, tena mwenye ulimi mtamu, ambaye anakaa na mume wake mahali fulani akimlisha bisi na kumfundisha kuongea. Hilo ndilo lililomwingia, na lilipoingia halikutoka. Asubuhi ile alikuwa ameshatia magauni yake kwenye begi na kulisukuma uvunguni. Akithibitisha tu, anarudi kwa mama yake.

Alimweleza wifi yake, dada wa Kimya, aliyekuwa akipokea nguo za wateja pale mbele. Wifi alicheka mpaka akashika kaunta. Kaka yake amtongoze mwanamke kwa kitu gani, kwa ishara? Mtu ambaye utotoni aliumwa na siafu akakaa nao ndani ya suruali kwa sababu ya kuona haya kusema! Lakini alipoona macho ya mwenzake hayacheki, akapoa. Akasema ile katuni yake ya miavuli imetengenezwa filamu, imetiwa sauti za Kiswahili, na inaonyeshwa sinema ya karibu na soko. Waende mchana huu wakapumzishe kichwa.

Mama Pasi alikuwa ameliona bango. Alikuwa ameapa kutoikanyaga sinema hiyo, wasije wakamharibia kitabu chake. Lakini bisi zinauzwa wapi, kama si sinema? Akavua aproni.

Mle ukumbini mambo yalianza kuharibika mapema. Msichana wa kitabuni ana mwanya mpana na kila akicheka anauficha kwa kiganja, ndiyo maana siku anaposahau kuuficha, msomaji anajua tayari amependa. Huyu wa filamu alikuwa na meno yaliyopangwa vizuri kuliko vigae vya bafuni, akicheka tangu mwanzo hana cha kuficha. Fundi wa kitabuni ana vidole vilivyochanwachanwa na nyaya. Huyu kucha zake ziling'aa. Mama Pasi alitazama mikono ile ikishika koleo na akajua haijawahi kushika kitu kizito kuliko simu.

Kisha mwavuli ukavunjika. Uliouvunja ni upepo.

"Upepo?" alimnong'oneza wifi. "Yaani mapenzi yote yale wameyapa upepo?"

Wifi alimwambia atulie, watu wanatazama.

Alitulia, kwa shida. Alisubiri mwisho, maana mwisho wa kitabu ni ukurasa mmoja usio na neno hata moja: wawili wamekaa kwenye benchi, jua limeshatoka, barabara imekauka, msichana ana chozi shavuni, na mwavuli bado uko wazi juu yao kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuufunga. Angalau hapo hawana cha kuongeza, aliwaza. Loo. Benchi likaja, vinanda vikalia kutoka kila pembe, na fundi mwenye kucha za kung'aa akamgeukia msichana, akavuta pumzi, akasema:

"Hata mvua ikikatika, mimi nitabaki chini ya mwavuli wako."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Wifi akapenga kamasi. Mama Pasi alibaki ameshika mkono wa kiti.

Walipotoka nje, wifi alikuwa mtu wa ushindi. Si ameona sasa? Hakuna mwanamke, kaka yake kaenda zake sinema. Mama Pasi aliona kifua kikilegea, akashukuru, lakini raha hiyo haikufika hata kona. Kimya aende sinema lini, tena mchana wa kazi, kimyakimya, kutazama filamu ya mapenzi? Mwanamume haendi huko peke yake. Alikaa na nani? Alimwacha wifi njiani, akaelekea kwenye duka la kinyozi.

Kimya alikuwa anafagia nywele. Hapakuwa na mteja. Mama Pasi alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akaiweka punje ya bisi juu ya meza, mbele ya kioo.

"Ulikwenda sinema na nani?"

Kimya aliegemeza ufagio ukutani. "Peke yangu."

"Na bisi?"

"Niliona kila mtu anazo. Nikadhani bila hizo hawakuingizi."

Mama Pasi alimtazama kwenye kioo. Uongo wa watu aliuzoea, na majibu haya hayakuwa na harufu yake. Hata hivyo hakumwachia. Akamuuliza alifuata nini.

Kimya alifungua droo ya taulo. Chini ya taulo akatoa kitabu cha mkewe, kile chenye gundi ya karatasi. Mama Pasi alihisi uso ukimwaka. Hakukumbuka lini mumewe aliwahi kuongea maneno mengi hivyo, lakini siku ile Kimya aliongea, akitua, akitafuta, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwa watu.

Alisema wiki hizi mkewe alikuwa haongei naye vizuri, akirudi dukani analala tu. Akakumbuka kitabu, akaona humo huenda kuna linalomsibu. Akakisoma chote. Hakukielewa sana, maana majibu yalikuwa yanakuja kabla ya maswali, ila akadhani wanawake ndivyo wanavyoongea. Lakini hadithi aliiona. Mwanzoni wamekaa benchi moja, msichana analia. Kisha wanakaa mbalimbali. Kisha mwavuli mzima unavunjika, na kila ukitengenezwa unavunjika tena. Mwishoni wanapishana barabarani na hata majina hawajuani.

"Nikasema, mke wangu kila mwaka anasoma namna ya kuachana na mtu," alisema. "Halafu nikaliona bango. Nikaenda. Kule wanabaki pamoja. Nikatafuta tofauti ni nini. Kwenye kitabu yule fundi hasemi kitu, wanaachana. Kwenye filamu kasema yale maneno, wamebaki. Basi nikayashika kichwani."

Akaifunga droo, akaongeza, "Leo asubuhi nimeliona begi uvunguni. Nikajua nimechelewa."

Mama Pasi alikitazama kitabu. "Ulianzia wapi?"

"Mwanzo."

"Nionyeshe."

Kimya alifunua jalada la kushoto. Ukurasa wa benchi. Ule wa onyo unaomwambia msomaji kwamba hapa ni mwisho, maana vitabu vya Kijapani husomwa kinyume na vyetu, ulikuwa umechanika zamani.

"Si nilikwambia kinaanzia kulia?"

"Ndiyo," Kimya alisema, akaweka kidole chini ya chozi la msichana. "Huyu hapa analia."

Mama Pasi alifumba macho. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na yote mawili yalimjia pamoja mpaka Kimya akamletea taulo. Akajifuta. Kisha akaushika mkono wa mumewe, ule wa kunyolea, na kuuinua.

"Mkono wa kulia, mwanamume wewe. Wa kulia."

Alimsogezea kibao cha kukaa karibu na kiti, akakigeuza kitabu. Walianza upya, kutoka upande wa pili, kisanduku baada ya kisanduku. Wapita njia wakapishana bila kujuana. Mwavuli ukavunjika, na Kimya akauinamia. "Kauvunja mwenyewe," alisema polepole. Ulipovunjika tena, alicheka, sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia siku nyingi.

Wakafika kwenye benchi. Kimya aliupekua ukurasa kila pembe, akitafuta.

"Hapa hasemi kitu?"

"Hasemi."

Mteja alikuja akagonga kioo cha mlango, akawaona, akasimama kusubiri. Kimya hakuinuka. Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwao, kidole chake kimetua juu ya mwavuli, na kati yao hakuna aliyekifunga.