Mguu wa Kushoto wa Kigingi

Kazi yangu ni kulaumiwa. Nakaa dirisha namba nne, ofisi ya maji, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, na watu wanakuja kunieleza habari za mabomba yao kana kwamba mimi ndiye niliyeyatoboa kwa meno. Miaka kumi na mbili nimeitwa kila jina isipokuwa langu. Sikukonda. Nilinunua trei tatu za plastiki za kutia karatasi zao za malalamiko. Ya kwanza: maji hayatoki. Ya pili: maji yanatoka pasipotakiwa. Ya tatu haina kibandiko, maana mkubwa wangu angeniuliza. Hiyo ni ya wale ambao hawana shida na maji hata kidogo, wana hasira zao tu na wameona dirisha liko wazi. Trei ya tatu ndiyo hujaa kwanza. Jioni naimwaga kwenye pipa, nabadili viatu, narudi nyumbani.

Nyumbani nako, mwezi ule, nilikuta dirisha jingine linaningoja.

Mdogo wangu alikuwa ametengeneza gemu. Peke yake, miaka minne, ndani ya chumba kilichokuwa karakana ya baba, ambacho mpaka leo ukipiga chafya kinatoa vumbi la mbao. Gemu yenyewe ni ya kuruka na kupigana. Kuna mdoli wa mbao anaitwa Kigingi, askari mwenye kofia ya bati. Familia inahama, yeye kasahauliwa juu ya kabati. Inabidi aruke kutoka kabatini hadi kwenye ngazi, kutoka ngazi hadi jikoni, akipambana na ufagio, paka na mashine ya kufulia, ili aliwahi gari la mizigo kabla halijaondoka.

Midoli yote ile ni ya kweli. Baba yetu ni seremala, alituchongea tulipokuwa wadogo. Mdogo wangu aliitoa sandukuni, akaipiga picha kila upande, akaipima kwa rula, akaiingiza kwenye kompyuta kama ilivyo. Ukiifungua gemu, kabla hujabonyeza chochote, yanatokea maneno: Midoli yote ilichongwa na Baba.

Sasa, "kama ilivyo" ndiyo iliyotuponza. Kigingi wa kweli ana mguu mmoja mfupi, wa kushoto. Kwa hiyo Kigingi wa kwenye gemu akiruka, anatua kushoto kidogo. Ni kidogo tu, lakini kwenye ngazi ya jikoni, ambako vidato ni vyembamba kama rula, hicho kidogo ni kifo.

Na wachezaji wana midomo. Duka la mtandaoni linalouza gemu hizi linamruhusu kila mnunuzi aweke dole juu au dole chini, na aandike ya moyoni. Ukipata madole juu saba katika kila kumi, duka linakuweka ukurasa wa mbele. Sisi tulikuwa na sita.

"Ijumaa isipofika saba naitoa sokoni," mdogo wangu alisema. "Naifuta yote, hata kwenye mashine yangu. Jumatatu naanza kuuza bima kwa simu kama binadamu wengine."

Alikuwa hatanii. Nilimjua tangu akiwa na meno ya mbele mawili. Akisema kwa sauti ndogo hivyo, ujue ameshachoka mpaka kwenye mifupa.

Mwenyewe hakuweza kuyasoma maoni. Akisoma mawili tu anafunga kompyuta. Kazi hiyo nikapewa mimi, mwenye ngozi ya kiboko. Kila jioni nilikaa kwenye meza ya karakana, yeye akajilaza sakafuni na taulo usoni.

"Soma, dada."

"Huyu anasema, 'Nimekufa mara mia mbili na kumi na mbili. Gemu tamu sana.'"

"Dole?"

"Juu."

"Huyo mgonjwa. Endelea."

"'Paka wa sebuleni ana roho mbaya kuliko mwenye nyumba wangu.' Juu. 'Sijaicheza, ila naona kabisa kuwa sitaipenda.' Chini."

"Hajaicheza!"

"Nimeshaona watu wananunua ili walalamike. Kwangu wapo wanaolalamikia maji na hawajaunganishiwa bomba. Tulia. 'Askari gani hana bunduki?' Chini. 'Muziki mzuri, nauweka nikiosha vyombo. Gemu yenyewe siichezi tena, ngazi ya jikoni imenishinda.' Chini, lakini kwa heshima."

"Ngazi tena," alisema mdogo wangu, taulo likipanda na kushuka.

"Si umrefushe huo mguu? Ni kazi ya siku ngapi?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi! Na sisi tunakufa hapa kwa ajili ya dakika kumi?"

Akatoa taulo. "Ni mguu aliokata baba, dada. Mtu hajashika randa tangu mkono umpooze. Jina lake nimeliweka mbele. Halafu mimi, ambaye siwezi kupigilia msumari ukanyooka, nianze kumsahihisha mbele ya dunia?"

Kiharusi kilimpiga baba mwaka mmoja na nusu uliopita, kikampokonya mkono wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira laini awe anaubinya. Akaurusha dirishani. "Mimi si mbwa." Mdogo wangu akampa kompyuta yake kuukuu na kidude cha kuchezea gemu, kile cha vitufe: "Baba, binyabinya hivi tu, vidole vitafunguka." Alikipokea bila asante akafunga mlango wa chumba chake. Tukajua anaangalia taarifa za habari. Ukimgongea kwamba chakula tayari, anajibu "Ngoja!" kwa ukali. Tukasema ni uzee.

Basi, kulikuwa na mchezaji mmoja aliyejiita Msasa. Maoni yake ya kwanza niliyaona siku ya tatu: "Aliyefanya kazi hii ameliona kosa akaliacha. Mtu wa namna hiyo haitwi fundi. Hata kibarua haitwi." Dole chini. Nikasema moyoni, huyu ni trei ya tatu, nikamruka, nikasoma aliyefuata. Mdogo wangu pale sakafuni alikuwa tayari kama nguo iliyokamuliwa. Nimwongezee na huyo wa nini?

Kila mdogo wangu alipotoa toleo jipya, karekebisha paka au sauti ya ufagio, Msasa aliandika tena. Na mimi, nikiona jina tu, kidole kinaruka chenyewe. Sikufika hata mstari wa pili. Mara kumi na moja.

Alhamisi bomba kuu lilipasuka mtaa wa pili kutoka ofisini, foleni ya dirisha langu ikatoka nje ya geti. Nilipofika nyumbani ilikuwa karibu saa moja, koo limekauka, mguu mmoja umevimba. Nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye kiti. Taulo liko begani.

"Dada. Msasa ni nani?"

Nikavua kiatu polepole. "Mtu mwenye hasira."

"Ameandika mara kumi na moja. Hukunisomea hata moja."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Sikiliza." Akasoma, na sauti yake haikuwa ile ya chini ya taulo. "'Kidato cha tatu cha ngazi ya jikoni kimekaa sawa, msikiguse. Tatizo ni askari.' Hii ya wiki iliyopita. Hii ya jana: 'Nasema kwa mara ya mwisho. Mguu wa kushoto umepungua nusu kidole. Si robo. Nusu. Hamsikii?'"

"Kweli ana hasira."

"Dada, kwenye skrini Kigingi ni mkubwa kama kidole gumba changu. Hakuna mahali nimeandika vipimo. Mtu atajuaje nusu kidole bila kumshika mkononi?"

Hapo ndipo tukaisikia sauti ambayo, kusema kweli, ilikuwa inasikika nyumba nzima tangu mwezi uanze na hakuna aliyeiuliza jina: tki, tki, tki-tki, kutoka chumbani kwa baba.

Hatukubisha hodi. Alikuwa ameketi kitandani, miwani puani, kidude kimewekwa juu ya taulo magotini, dole gumba la kulia, lile lililokufa, linatetemeka juu ya kitufe lakini linabonyeza. Kwenye skrini Kigingi amesimama kidato cha tatu.

"Baba," alisema mdogo wangu. "Wewe ndiye Msasa?"

"Ngoja! Niko kwenye ngazi."

Kigingi akaruka, akatua kushoto, akaporomoka mpaka chini na kofia yake ya bati ikibingirika.

"Umeona?" Baba aligeuka. "Umeuona upuuzi huo? Wiki tatu niko hapa!"

"Kwa nini hukuniambia mezani?"

"Mezani!" Akaweka kidude pembeni. "Umeniandika pale mbele, kila mtu asome. Nikikwambia mezani kitu chako ni kibovu, utanitazama kwa hayo macho. Na ubovu wenyewe ni wa mkono wangu. Nikaona bora niandike kama mteja. Mteja akikwambia meza inacheza hajakutukana, meza inacheza. Nimeandika mara kumi na moja! Ofisi gani hii haijibu?"

Kusema kweli, nilitazama sakafu. Kinyozi hajinyoi. Mtu mzima nalipwa mshahara kwa kusikiliza malalamiko, ya baba yangu mzazi nimeyatupa pipani.

"Bi Mdomo leo kanyamaza," baba alisema. "Iandikeni tarehe."

"Sikutaka kukusahihisha, baba," alisema mdogo wangu.

"Nani kakwambia nilitaka abaki hivyo? Mbao iliniishia. Na wewe ulikuwa unalia unamtaka askari wako siku ileile, masikio yananiuma. Nikasema kesho nitambadilishia mguu. Kesho ukawa umelala naye, nikimgusa unapiga yowe kama nakung'oa jino. Miaka thelathini nangoja mtoto huyu aachie mguu wangu niutengeneze!"

Mdogo wangu alicheka, akaenda kumleta Kigingi.

Tulikaa karakanani sote watatu. Baba alikataa kukata mguu mpya. Alisema tutaongeza kisigino, kipande cha nusu kidole, kibandikwe chini kwa gundi. Mkono wake haukuweza msumeno, kwa hiyo mdogo wangu alikata, mimi nikashikilia, na baba akatukana. Kipande cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilikuwa kinene. Cha tatu mdogo wangu alikikata vizuri halafu akakidondosha, mimi nikakikanyaga kwa ule mguu uliovimba.

"Asiyesikia la mkuu," baba aliniambia.

"Guu lenyewe limeshavunjika, mzee, sema lingine."

Cha nne kilikaa. Baba akakichukua yeye mwenyewe, akaweka karatasi ya msasa juu ya meza, akakisugua juu yake kwa mkono wa kulia, polepole, akipumzika kila baada ya mara tano. Hakuna aliyemsaidia. Tulikaa tukamtazama, tumechoka wote, gundi ikinuka.

Asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Nilipotoka kwenda kazini mdogo wangu alikuwa anampiga Kigingi picha, amepiga magoti kama mtu anayesali.

Siku hiyo kazini niliisoma trei ya tatu yote kabla sijaimwaga. Tisa walikuwa na hasira tu. Wa kumi bomba lake kweli lilikuwa linavuja, alikuwa ameandika matusi ukurasa wa kwanza na anwani ukurasa wa pili.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa mbele ya skrini. Taulo lilikuwa msumarini.

"Imefika ngapi?" niliuliza.

"Sita na nusu."

Ijumaa ilikuwa imekwisha kwa hesabu ya duka. Ukurasa wa mbele walishawekwa wengine. Kwenye skrini yake niliona kitufe chekundu cha kuitoa gemu sokoni, na mshale umetulia juu yake. Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

"Nisomee," alisema. "Ya leo tu."

Nikavuta kiti, nikavua kiatu kimoja. "'Nimevuka ngazi ya jikoni. Nimepiga kelele mke wangu akaja na fimbo akidhani kuna nyoka.' Juu. 'Mmeirahisisha, nilikuwa nimezoea kuruka upande, sasa naanguka kulia.' Chini."

"Kuna watu na viatu," alisema.

"'Bado hana bunduki.' Chini."

Mshale haukusogea.

"Msasa kaandika?"

Nikashuka chini. Alikuwepo. Safari hii niliyasoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ya dirishani, ile ya kusikika mpaka nyuma ya foleni: "'Mguu sasa uko sawa. Nimevuka. Ila mlango wa kabati la pili unachelewa kufunguka, na nimeangalia, bawaba zimewekwa upande usio wake. Nani anaweka bawaba hivyo?'"

"Dole?"

"Chini."

"Bawaba!" baba alipaza sauti kutoka chumbani kwake. "Nimesema bawaba!"

Mdogo wangu alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia akaambiwa limebaki moja. Akausogeza mshale kutoka kwenye kitufe chekundu, akafunga ukurasa wa duka, akafungua kabati la pili la kwenye gemu.

"Jumatatu naenda kwenye bima, dada," alisema bila kugeuka. "Nimeshawaambia ndiyo."

"Nenda."

"Natoka saa kumi na moja."

"Mimi saa kumi. Nitakuwa nimeshasoma."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta mlango wa kabati, ukafunguka ukichelewa, kweli, kidogo tu. Kutoka chumba cha pili nikasikia tki, tki. Nikavua kiatu cha pili.