Vali za Kuilinda Transfoma ya Oene

Tjerk Hofstra, mpaka rangi wa Drachten, hakuwa na banda lenye joto. Hakuwa na mita ya kupimia volti elfu moja mpaka aazime, mke wake hakuwa wa kusubirishwa, wala yeye hakuwa na sikio la kuambiwa. Juu ya hayo yote, amplifaya ya kukuzia muziki aliyoanza kuiunda tangu msimu wa kuvuna viazi haikuwa na vali za kunyooshea umeme: zile chupa za kioo zinazoupokea umeme wa kwenda na kurudi, zikauruhusu upite upande mmoja tu.

Transfoma alikuwa nayo. Jirani yake, mzee Oene, aliisuka kwa mkono, waya juu ya waya, akaileta kwa toroli taratibu kama anayepeleka mtoto kubatizwa.

"Itunze," alisema Oene, huku akiisukumiza mikono mfukoni. "Ukiiunguza usinijie na machozi. Mikono hii haisuki tena."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Vali ikishindwa, umeme hurudi kinyume, na anayeungua ni transfoma. Vali za kawaida za redio zisingezihimili volti zile. Lakini Bwana Zandstra, muuzaji wa vali wa mji wa Groningen, alikuwa na mbili za zebaki, na aliahidi kumwekea mpaka mwisho wa wiki. Tjerk aliwahi kuziona za namna hiyo zikifanya kazi. Ndani ya kioo mlijaa mwanga wa samawati, na tangu siku ile hakuacha kuuwaza.

"Nazichukua," alitangaza wakinywa kahawa pamoja na Oene.

"Si ndizo zenye sumu?" aliuliza mkewe, Baukje.

"Mpaka zipasuke."

"Na zisipopasuka?"

"Zinataka kusimama wima tu. Na lazima zipashwe moto kwanza, ndipo uzipe volti kubwa. Ukiziharakisha zinapiga radi ndani. Na baridi haziipendi."

"Zina sumu, hazilali, haziharakishwi, baridi hazitaki. Tjerk, hiyo ni vali au mama yako?"

Oene alipaliwa na kahawa.

"Cheka tu, mzee," Baukje aliendelea. "Banda lenyewe lina barafu dirishani. Mimi nikitaka kusikiliza kwaya nawasha, naenda zangu. Siilindi swichi kama maziwa jikoni."

Tjerk alikuwa ameulizia volti, bei na mwanga. Hakuwahi kujiuliza nani atakayewasha.

Kesho yake ilikuwa siku ya kutoa takataka kubwa mitaani. Kando ya njia, kati ya godoro na kiti cha miguu mitatu, palikaa televisheni kuukuu. Tjerk hakuweza kuipita. Aliibeba mpaka bandani, akaifungua mgongo, na kati ya vali zake akaona moja yenye kofia ya chuma kichwani.

"Wewe nawe kazi yako nini humu?" aliiuliza.

Alikwenda kukiangalia kitabu chake cha masomo ya jioni. Kumbe kila mstari wa picha ukiisha kuchorwa, umeme ndani ya televisheni hupiga teke la volti elfu kadhaa, na vali ile ndiyo inayolistahimili. Haina zebaki. Tena hupata moto polepole yenyewe, na kabla haijawa tayari haipitishi kitu, hata awashe nani. Alisoma ukurasa ule mara mbili, akatoka mbio mitaani kutafuta televisheni ya pili.

Jumamosi, vali mbili za televisheni zikiwa zimeshafungwa, Oene alikuja na balbu. Aliiunga kwenye njia ya umeme wa ukutani, ili kukiwa na kosa ing'ae yenyewe na kuipunguzia transfoma madhara. Baukje aliwasha bila kungoja neno. Balbu iliwaka, ikafifia. Mshale wa mita ya kuazima haukutikisika.

"Imekufa," alinong'ona Tjerk.

"Funga mdomo, kijana."

Mshale ukaanza kupanda, kwa uvivu, kama mtu anayeamka Jumapili, ukafika ulipotakiwa na kutulia. Oene aliweka ncha ya fimbo ya mbao kwenye chuma cha transfoma, ncha nyingine akaitia sikioni, akasikiliza kwa muda.

"Haisumbuki," alisema hatimaye. "Itatuzika sote."

Tjerk alizitazama vali zake. Ziliwaka rangi ya chungwa hafifu. "Hazijui kujionyesha," alisema, akahema.

Jioni ile alimwandikia Bwana Zandstra kumshukuru, akamwomba zile za zebaki ampe mwenye chumba cha joto. Kisha kalamu ikasita. Akaongeza: *Nina swali. Muziki unapopanda na kushuka, ule mwanga hutulia, au nao hucheza? Kama hucheza, turuhusu tuje kuutazama.*

"Tuje nani?" aliuliza Oene, akichungulia begani kwake.

"Mimi na wewe."

"Basi mwambie Jumamosi ijayo. Na mwambie tuna maswali mengine."

Tjerk aliandika hivyo, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi, na Baukje, aliyekuwa ameshavaa koti, akaipeleka kwenye sanduku la posta.