Pigo Alilolingoja Fransis

Mama mkwe wangu, Apolonia, aligonga kifuniko cha sufuria mara tatu nyuma ya kisogo cha mwanangu. Fransis, mtoto wa miezi minane, aliendelea kunyonya kidole chake.

"Kiziwi," akasema. "Jumanne naondoka naye kwenda kwetu Newala, akaogeshwe dawa."

Jamani! Mtoto aliyezaliwa hapa Bunju, kwenye banda la wachonga vinyago sita wanaogonga mpingo kutwa, ashtuke kwa kifuniko? Nilikasirika.

"Haendi, mama."

"Unanibishia mie? Stephano, mkeo huyo!"

Mume wangu akainamia patasi yake. Akibanwa na maneno, kazi humzidi ghafla. Ila siku hiyo uoga wake ulinifaa. Stephano hugonga kwa mtindo aliorithi kwa baba yake: mapigo matatu ya haraka, anapuliza vumbi, kisha moja zito. Nami nilikwisha kuiona miguu ya Fransis. Baba akipuliza, inatulia; pigo zito likitua, inaruka nalo papo hapo.

Nikampakatisha mama mkwe mtoto, wote wawili wakampa Stephano mgongo.

"Piga kama unavyopigaga," nikamwambia mume wangu.

Akapiga. Miguu ikaruka. Akarudia, ikaruka tena. Nikamkonyeza aliache lile zito.

Matatu. Vumbi. Kimya.

Fransis akakunja uso. Akageuza shingo kumtafuta baba yake, akapiga ukelele wa mtu aliyedhulumiwa.

"Dogo anadai chake, braza!" Fakihi, mchongaji wa jirani, akacheka.

"Bahati tu hiyo," akasema mama mkwe. "Rudia."

Tukarudia. Mtoto akageuka kwa hasira zaidi.

"Unaona, mama?" nikasema. "Anasikia, na anajua hata kinachofuata."

Mama mkwe akamshika mjukuu wake miguu. Miguu ile ilikuwa imempiga yeye mwenyewe mapajani, hakuwa na pa kukimbilia.

"Haya, anasikia. Ila dawa haina ubaya. Nimeshawaambia watu nyumbani nakuja naye."

Kumbe! Masikio ya mwanangu hayakuwa na neno. Lililomuuma mama mkwe ni ahadi yake kwa watu. Nikamchukua Fransis, nikamkumbatia.

"Jumanne nitakusindikiza stendi, mama, na mzigo nitakubebea. Mtoto anabaki."

Akamgeukia mwanawe, akisubiri anikemee.

Stephano akaweka patasi chini. "Anabaki, mama," akasema.