Kitambaa cha Kujaribia

Nimeshona nguo za watu miaka thelathini na moja, na sijawahi kumkabidhi fundi kitambaa changu kabla sijauona mshono wake kwa ndani. Nje kila mtu anajua kudanganya. Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba saratani ya mfuko wa uzazi imegundulika mapema, na kwamba ataitoa kwa kutumia roboti, nilimjibu bila kupepesa macho kuwa nataka kuona mshono kwanza.

Mume wangu akaona aibu, akajifanya anasoma tangazo ukutani. Yeye hofu yake ilikuwa umeme: ukikatika katikati ya kazi je? Daktari akamweleza taratibu kwamba mashine ina betri yake, tena haifanyi lolote kwa akili yake. Yeye mwenyewe hukaa pembeni, macho kwenye lenzi, na mikono ile ya chuma hufuata vidole vyake.

"Basi nishonee," nikasema, nikatoa kipande cha kitambaa cha pamba mkobani.

Nilidhani atanifukuza. Akaniambia nirudi Ijumaa, siku yao ya mazoezi.

Nikasimama nyuma ya kioo, nikaiona mikono myembamba kama penseli ikipitisha sindano, ikivuta uzi, ikifunga fundo. Aliponiletea kitambaa nilikipindua papo hapo. Mishono kumi na miwili, yote safi, ila wa tano ulilegea kidogo. Nikamwonyesha. Hakujitetea, alirudi mashineni, akaufumua, akaushona upya. Hapo moyo wangu ukatulia, maana fundi asiyekubali kufumua simtaki hata bure.

Alinipasua Jumanne. Kesho yake nilikuwa natembea wodini, matundu matano madogo tumboni, nikimkaripia mume wangu kwa kunishika kama yai.

Wiki mbili baadaye tulifuata majibu ya maabara. Nilikuwa nimemshonea daktari kofia ya kuvaa akipasua, lakini niliificha mkobani. Niliogopa sana, sitaki kudanganya.

"Mama, imetoka yote," akasema. "Tumepima kingo zote za nyama tuliyoitoa, ni safi. Utakuja kuangaliwa tu."

Mume wangu akalia kwa sauti. Mimi nikatoa kofia.

Hakuivaa. Aliipindua kwanza, akaipeleka dirishani, akaufuata mshono kwa kidole.

"Hapa pamelegea," akasema.

Nilipajua. Nilikuwa nimepashona asubuhi ileile, nikiwaza majibu tu. Nikamwomba mkasi, nikapafumua.