Uji Ndani ya Gari la Manjano

Tangu gari lile liletwe Lenah hakuwa analala, na ukimuuliza atakuambia ni kunguni. Kunguni gani? Ulikuwa wivu, wivu mtupu, ule wa kumfanya mtu mzima ashindwe kumeza chai yake.

Alikuwa dereva wa Mama Wakarima, mwenye ploti za kupangisha pale Kabiro, Kawangware. Miaka saba amemzungusha mama yule na steshen wagoni kuukuu, kutoka ploti hii hadi ile, benki, kanisani, kliniki ya magoti. Mama hukaa nyuma na kikombe chake cha uji kilichojaa hadi ukingoni, anakunywa polepole njia nzima. Na wewe unazijua barabara za Kawangware: shimo, tuta, mkokoteni, mbuzi, shimo tena. Miaka yote hiyo uji haukumwagika hata siku moja. Lenah alijivunia uji huo kuliko wengine wanavyojivunia digrii. Huko Mashimoni, Kibera, alikopanga chumba, hakuna jirani ambaye hakuwa amesimuliwa habari ya uji, na wengine walishasimuliwa mara mbili.

Basi mama akatimiza miaka sitini, akauza kipande cha shamba, na badala ya kujenga ploti nyingine kama watu wote wa Kabiro, akanunua gari la spoti. Jipya kabisa, la manjano, limelala chini kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Lina viti viwili tu. Kimoja cha dereva, kingine cha mama, ndivyo Lenah alivyopiga hesabu yake, na hakuwa na shaka kiti chake ni kipi. Alikwenda hadi soko la Toi akajinunulia glavu za mtumba za kuendeshea.

Jumatatu alifika kazini na glavu zake mfukoni, akamkuta kijana anapangusa kioo cha mbele. Mrefu, msafi, raba nyeupe pe.

"Sasa, auntie," kijana akasema. "Naitwa Austin. Nimekuja na gari."

Auntie. Lenah ana miaka thelathini na nane.

Mama Wakarima akatoka, shali mabegani. "Lenah, huyu kijana atakuwa na gari hili mpaka injini izoee. Wewe endelea na lile letu."

Letu. Lile kuukuu ndilo limekuwa letu ghafla, na hili jipya je? "Hata mimi naweza kuizoesha, mama," Lenah akasema.

"Najua," mama akajibu, akarudi ndani.

Hiyo "najua" ilimkaa Lenah kooni wiki nzima. Hasa kwa sababu keshoyake alikuja mwanamume kutoka Dagoretti, akalizunguka steshen wagoni, akapiga tairi teke, akachungulia chini, akaondoka. Gari kuukuu likipata mnunuzi, Lenah ataendesha nini? Mkokoteni wa maji? Ada ya shule ya watoto inatoka kwenye usukani huo. Kwa hiyo msije mkamcheka bure. Mtu anayeona mkate wake mdomoni mwa mwingine hana muda wa tabia njema.

Na Austin mwenyewe hakumsaidia, maana Lenah alitamani awe mjinga. Alitamani akanyage mafuta mpaka mbuzi wazimie. Wapi. Kijana alikuwa anajua kazi. Bila kuulizwa akamweleza kwamba injini mpya bado vyuma vyake havijazoeana, hivyo mwezi wa kwanza hupigi resi, hukanyagi breki kwa fujo, wala huendi mwendo mmoja kutwa nzima. Unapandisha kidogo, unashusha kidogo, na gia unabadilisha kabla gari halijalia. Lenah alisikiliza akiwa amegeuza uso, kama mtu anayeambiwa habari za mke mwenza.

Halafu akamwona akivuka tuta la getini. Alilipanda kimshazari, tairi moja, halafu la pili, halafu la tatu, pole kabisa, na tumbo la gari halikugusa. Gia zilibadilika bila kusikika. Lenah alitafuta kosa jinsi unavyotafuta mawe kwenye mchele, hakupata hata moja, na hapo ndipo alipozidi kumchukia.

"Wewe Lenah, si useme tu roho inakuuma," Nasike alimwambia jioni. Nasike huuza maji kwenye kioski cha Mashimoni, na mdomo wake haufungwi kama mfereji wake.

"Iniume kwa nini? Ati gari? Ni bati na rangi."

"Bati na rangi, na umesimama hapa mtungi umejaa hadi unamwagika kwa viatu."

Lenah akatazama chini. Kweli, viatu vilikuwa chapachapa.

Ijumaa ya wiki ya nne asubuhi, jua halijachomoza vizuri, Lenah alikuwa anatembea kwenda kazini kupitia Jamhuri, kando ya uwanja wa maonyesho, ambako barabara huwa tupu saa hizo. Akaliona gari la manjano linakuja. Akajibanza nyuma ya kibanda cha mahindi. Kwenye usukani hakuwa Austin. Austin alikuwa kiti cha pembeni, mikono magotini, amestarehe. Aliyeendesha alikuwa mwanamke, miwani myeusi, kitambaa kikubwa kichwani.

Moyo ulimruka Lenah kwa furaha, na sitaificha, ilikuwa furaha chafu. Kumbe kijana anampa mpenzi wake gari la mama. Mama amelala na magoti yake, huku kasichana fulani kanajifunzia kwenye injini ambayo haijazoea. Alikuwa ameshamwona msichana mzima akilini: mwembamba, kucha ndefu, anacheka ovyo.

Jambo moja tu lilimharibia furaha. Huyo mwanamke alikuwa anaendesha vizuri. Alipofika kwenye kona akashusha gia mapema, gari likainama kidogo na kutoka upande wa pili laini kama samli. Lenah alijikuta mguu wake wa kulia unakanyaga breki ardhini pale alipo, na mwanamke yule akakanyaga sekunde hiyohiyo. Yaani walikanyaga pamoja. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Jumapili baada ya ibada, pasta alikuja nyumbani kwa mama kuliombea gari, kama inavyofanywa gari jipya likifika. Wapangaji walijaa uani, kina mama wa kanisa wakamimina chai, mandazi yakazunguka. Gari lilisimama katikati, limefungwa utepe. Mama Wakarima alikaa mbele na kikombe chake cha uji mkononi, amevaa raba. Lenah aliziona hizo raba, akadhani ni mambo ya magoti.

Pasta akasema, "Kabla hatujaweka mikono juu ya gari hili, kuna mwenye ushuhuda?"

Ushuhuda ni wa kumshukuru Mungu. Kila mtu pale analijua hilo, hata watoto. Lakini Lenah alikuwa amekaa na neno lake tangu Ijumaa, na neno likikaa hivyo linachacha. Akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Tena Bwana asifiwe. Mimi sina maneno mengi. Mama yetu anadanganywa. Hili gari tunaloliombea hapa, Ijumaa alfajiri nimeliona Jamhuri kwa macho yangu, linaendeshwa na mwanamke. Mpenzi wa huyu." Akamwonyesha Austin kwa kidole.

Chai ilisimama midomoni. Austin akafungua mdomo, akamtazama mama, akaufunga.

Mama Wakarima hakuinuka. "Mwanamke," alisema polepole. "Na alikuwa anaendeshaje?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Lenah angeweza kusema kweli akakaa chini na aibu ndogo. Lakini wivu haukumwachia. "Vibaya sana, mama. Gari linaruka kama chura. Gia zinalia mpaka watu wanatoka nyumbani. Huyo mtu hata mkokoteni asipewe."

"Hata mkokoteni."

"Hata mkokoteni, mama."

Mama akatia mkono kwenye mkoba. Akatoa kitambaa kikubwa, akajifunga kichwani. Akatoa miwani myeusi, akaivaa. Mtu mmoja nyuma akaguna. Ndicho kitambaa kile cha Jamhuri, na miwani ni ileile.

"Nilitaka mnione leo," mama akawaambia watu, "baada ya maombi. Ndiyo maana Austin alikatazwa kusema." Kisha akamgeukia Lenah, na hakupaza sauti. "Wewe ndiye niliyekuomba kwanza unifundishe. Mara ya kwanza ukasema magoti yangu hayawezi klachi. Mara ya pili ukacheka."

Lenah alikumbuka kicheko hicho. Alicheka kwa sababu aliogopa. Mama akijua kuendesha, dereva wa nini?

Mama akaingia garini na kikombe chake. Kilikuwa kimejaa, uji umefika ukingoni, na alikiweka wazi juu ya bodi ya mbele ambapo kila mtu angekiona. Kiti cha pili kilibaki kitupu. Akawasha, akangoja injini ipate joto. Akazunguka ua polepole, akapita kati ya ndoo na kamba za nguo, akatoka getini kimshazari juu ya lile tuta, tairi moja moja. Wakasikia gia ya pili kwa shida, ya tatu hawakuisikia kabisa. Akaenda hadi mwisho wa barabara yenye mashimo yote mnayoyajua, akageuza, akarudi, akasimama mbele ya Lenah bila gari kuinamisha pua.

Akashusha kioo, akamtolea kikombe. Kilikuwa kimejaa vilevile, na ukingo wake ulikuwa mkavu.

"Steshen wagoni linauzwa kesho," Mama Wakarima akasema. "Kunywa, Lenah, kabla haujapoa."

Lenah alikipokea kikombe kwa mikono miwili, bado anautazama ule ukingo mkavu, na uji ukammwagikia kwenye gauni la Jumapili, mbele ya kanisa zima.